Mume Wangu Aliziona Taa za Kambini, Lakini Hataki Kusema Alisimama Wapi

Wapenzi wa ukurasa huu, nawasalimu. Nina miaka thelathini na nne, mama wa watoto watatu, naishi kijiji kimoja huku Newala, jirani na kambi ya jeshi. Jina langu lifichwe, na ya wengine nimeyabadilisha. Naandika nimefunga mlango kwa ndani, maana mume wangu yuko nje anaanika korosho, na yeye ndiye kisa chenyewe.

Mwanzoni mwa msimu zilionekana taa za ajabu karibu na kambi. Mpaka leo hapa kijijini hakuna wawili wanaokubaliana. Mmoja anasema zilikuwa tatu nyekundu, mwingine anaapa ilikuwa moja nyeupe, kubwa kama karai. Wapo wanaosema ni ndege isiyo na mlio, wapo wanaosema ni majini ya Ruvuma. Mimi nilikuwa nacheka tu, mpaka watu watatu waliposema wameziona zikiinuka kutoka shambani kwa mdogo wangu, Issa.

Shamba lake limepakana na kambi. Siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na malori yao na kila mtu anauza anakotaka, basi Issa akawa analala shambani na tochi, analinda magunia yake akisubiri bei nzuri. Tochi hiyo ndiyo iliyomponza. Ikasemwa anawapa ishara watu wa ng'ambo ya Ruvuma, kule Msumbiji. Akachukuliwa, yuko rumande Masasi, na wale watatu wataitwa kutoa ushahidi.

Mnaosoma kutoka mbali mjue kwamba kwetu Wamakonde mjomba si mgeni wa sikukuu. Watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayesimama kwenye harusi zao na kwenye ugomvi wa ndoa ya dada yake. Wazazi wetu wameshatangulia. Nimebaki na Issa tu.

Jioni moja nilikuwa namenya muhogo huku nalia. Mume wangu akanionea huruma, akasema, "Mama Hadija, nyamaza. Shemeji hana kosa. Zile taa zilitoka bondeni, zikapita juu ya tangi la maji la kambi mpaka tangi likang'aa. Shambani kwake kulikuwa giza tupu."

Nikaruka kwa furaha. "Si useme basi! Kesho twende Masasi!"

Akasema taratibu, "Wataniuliza nilikuwa nimesimama wapi."

Ndipo nikakumbuka. Siku ile aliniaga anakwenda Tandahimba kutafuta lori, akarudi kesho yake. Ukiwa Tandahimba huwezi kuliona tangi la kambi yetu. Na hapa kijijini mikorosho imeziba kila upande. Nilizunguka kutwa nzima nikijifanya natafuta ungo wa kuazima. Linaonekana sehemu moja tu: uani kwa Mama Somoe, mjane, ambaye mwaka jana alikata mikorosho yake iliyozeeka.

Nilisimama pale uani, tangi lile kule, shamba la Issa lile pale. Mama Somoe akatoka. Kwa mazoea nikamwamkia shikamoo, maana kanizidi umri. Akaitikia huku anaangalia chini. Halafu akasema bila kuulizwa, "Mama Hadija, na mimi niliziona. Niko tayari kwenda kusema. Lakini wakiniuliza nilikuwa na nani, sitaapa uongo. Niambie wewe, niende au nisiende?"

Jamani! Mtu kanichukulia mume, halafu ananiomba ruhusa! Nilitamani kumrarua. Lakini mdomo ule ule ndio wa kumtoa mdogo wangu. Nikageuka nikaondoka bila kumjibu.

Nyumbani mume wangu hakukana. Alipiga magoti, mwanaume mzima. "Nikisema mimi au akisema yule, siwezi tena kukaa kijiji hiki. Nitaondoka, na wewe utabaki na watoto wako mnachekwa. Shemeji atatoka tu, hawana ushahidi." Hawana ushahidi? Wana watu watatu wanaojisemea! Issa ana wawili walioona kweli, mmoja anaona aibu na mwingine anasubiri neno langu. Mficha uchi hazai, nalijua hilo. Ila uchi ni wao, na wa kuvuliwa nguo mbele ya kijiji ni mimi.

Wiki iliyopita nilimpelekea Issa chakula. Amekonda. Kitu cha kwanza akaniuliza, "Shemeji hajambo? Mwambie nashukuru anavyowaangalia." Nikashindwa kujizuia, nikalia. "Dada, mmegombana? Usifanye lolote. Nisubiri. Nikitoka, kesi yako nitaisikiliza mimi."

Sikumwambia kitu. Ndugu zangu, mashahidi wataitwa korosho zikiisha kununuliwa, na huku magunia yamebaki machache. Mama Somoe bado anangoja. Mlio na moyo mtulivu kuliko wangu, niambieni: nikamjibu nini?