Chuo Kilichomwamkia Mama

Mimi hufundisha upimaji na tathmini. Wanafunzi wangu, ambao kesho watakuwa walimu wa shule za msingi, nimewakaririsha kwa miaka mingi kwamba usikubali jambo kwa sababu limesemwa vizuri. Uliza limetoka wapi, nani amelithibitisha, kwa kigezo gani. Nayasema hayo nikiwa nimesimama wima, miwani puani, kwa sauti ninayoitunza kwa ajili ya darasani tu. Kwa hiyo naomba msomaji anivumilie nikieleza jinsi nilivyokaribia kukabidhi machungwa ya mama yangu kwa chuo kikuu kisichokuwepo, kwa sababu kilijua kuamkia watu.

Nilitaka shahada ya uzamivu katika elimu. Nilikuwa nimeitaka kwa muda mrefu, tena kwa sababu nzuri, ingawa sababu mbaya nazo zilikuwepo. Sababu nzuri ni watoto ninaowakuta kila ninapokwenda kukagua mafunzo kwa vitendo upande wa Handeni, wale wanaoingia darasa la kwanza na Kizigua au Kimaasai tu mdomoni, wanakaa nyuma, wananyamaza, na baada ya miaka miwili wanaitwa wazito. Nilitaka kujua nini hutokea ndani ya ule ukimya. Sababu mbaya ni kwamba nilitaka kuitwa Dokta kabla sijastaafu.

Kuacha kazi nisingeweza, na kuhama Korogwe nisingeweza, maana mume wangu ana duka la vipuri vya pikipiki na hajui soksi zake zinakaa wapi. Nikaamua nitasoma kwa mtandao. Kila Jumamosi nilikaa nyuma ya kaunta ya duka, ambako mtandao unashika vizuri kuliko nyumbani kwetu Masuguru, nikitafuta chuo cha bei ninayoiweza na chenye jina la kuaminika. Niligundua kwamba vyenye jina havina bei yangu, na vyenye bei yangu vina picha nyingi mno za watu wanaorusha kofia juu.

Mfadhili wangu alikuwa mama. Ana shamba la michungwa kule Kwaluguru, na aliposikia nahangaika alisema, "Nitakusomesha mimi." Mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu njiani, kusomeshwa na mama yake. Sikukataa. Lakini alikuwa na sharti moja: awajue hao watu. Kwetu binti akiposwa, wazee hutuma mtu akaulize huko anakokwenda wanaishije, wana maneno gani, wanasalimiana na jirani au wanapitana tu. Mama aliona chuo kikuu ni ukwe kama ukwe mwingine. Machungwa yake hayatoki mpaka awasikie wanavyozungumza.

Vilibaki vyuo viwili. Cha kwanza kilikuwa cha nje, cha zamani, cha serikali ya huko, na ada yake tungeiweza kwa kubana. Niliwaandikia barua pepe ya heshima. Nilianza kwa kuwatakia afya njema wao na familia zao, nikaeleza habari za mvua, kisha nikaingia kwenye shida yangu taratibu. Walinijibu kwa mstari mmoja wenye namba ya maombi, na chini yake maneno: usijibu ujumbe huu. Niliumia. Nilimwonesha mume wangu, akasema, "Hiyo ni mashine, mama watoto." Nikamwambia basi hiyo mashine imelelewa vibaya.

Cha pili, nilipojaza fomu yao, kilinipigia simu kabla chai yangu haijapoa. "Shikamoo mama," ilisema sauti ya kijana, sauti laini, ya mtu aliyefundwa. Aliuliza hali yangu, kazi, watoto, mvua za Korogwe. Alisema yeye ndiye mwakilishi wa chuo hapa nchini. Tulizungumza nusu saa na ada ilitajwa mwishoni, kwa aibu, kama mtu anayeomba maji ya kunywa ugenini. Nilipomweleza kwamba mfadhili wangu ni mama mzazi, akasema, "Basi mama nipe namba yake nimwamkie. Si vizuri atoe mali yake bila kutufahamu." Nikampa. Mimi, ambaye sijawahi kumtajia mwanafunzi alama zake kwa simu, nilimsomea mtu nisiyemjua namba ya mama yangu, tena nikairudia asikosee.

Alimpigia mama Ijumaa ile, baada ya sala. Akampigia na Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata tena. Aliuliza mguu wake unaendeleaje. Aliuliza kama wezi wa machungwa wamerudi. Mama alianza kumwita mwanangu. Nilipokwenda kumtembelea alinipa matokeo ya uchunguzi wake kwa sentensi moja: "Hao ni watu."

Na mimi niliyameza hayo matokeo bila hata kuuliza sampuli. Ofisini walishaanza kuniita Dokta, nami nikawa nakataa kwa sauti ndogo ili wasije wakaacha. Nilikwenda kwa fundi cherehani nikapimwa joho. Fundi aliuliza rangi gani, nikamwonesha picha kwenye simu, ya wale wanaorusha kofia, nikamwambia nyekundu hii, ila upande wa mikono anipanulie kidogo. Mnunuzi wa machungwa alikuwa ameshapatikana. Ilibaki wiki moja aje kuchuma.

Katika wiki hiyo nilimpigia kijana mwenyewe. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu wale watoto wa nyuma ya darasa, na nilitaka kujua msimamizi wangu ni nani ili nimtumie aanze kusoma. Kijana alicheka kwa upole.

"Mama, usijichoshe. Wewe tupe kichwa cha habari tu. Tuna vijana wetu, wataandika."

"Wataandika nini?"

"Tasnifu yako."

"Watajua nini kuhusu watoto wa Handeni?"

"Si lazima wajue, mama. Wewe uzoefu wako unatosha kabisa. Ndani ya miezi michache cheti kinakufikia mlangoni."

Nilikata simu kwa hasira, na naomba nieleweke: haikuwa hasira ya mtu aliyegundua utapeli. Utapeli bado sikuuona. Ilikuwa hasira ya mama mwenye nyumba aliyeambiwa pilau lake la Idi litapikwa na jirani. Ile ilikuwa kazi yangu. Wale watoto walikuwa wangu wa kuwaandika, na huyu kijana alitaka kuninyang'anya sehemu pekee niliyokuwa naitamani kweli. Nilikaa nyuma ya kaunta nikigombana naye kichwani, mpaka nikajiuliza swali ambalo mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angejiuliza siku ya kwanza: chuo hiki nani amekithibitisha?

Kesho yake nilipiga simu kwenye ofisi inayotambua vyeti vya nje. Aliyepokea hakunisalimu.

"Jina la chuo?"

Nikamtajia. Nikasikia anabofya.

"Hakipo."

"Labda ujaribu tena, huenda nimetamka—"

"Mama, hakipo. Na cheti chake ukikileta kwa mwajiri utakuwa na kesi." Akakata.

Simu iliyoniokoa ilikuwa fupi kuliko salamu za yule kijana. Nilifunga namba yake palepale isiingie tena, nikamwambia na mama afanye hivyo, na kwa kuwa hajui kufunga namba, nilikwenda Kwaluguru nikamfungia kwa mkono wangu.

Nilidhani atashukuru. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharage, na hakuinua uso.

"Amekuibia nini?"

"Bado hajaniibia."

"Basi si mwizi."

Nilimweleza habari za ithibati. Nilimweleza vizuri, kwa mifano, kama ninavyoeleza darasani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwizi gani anauliza mguu wangu kila wiki? Na hao wenzako wa mashine, wao wameuliza nini?" Nikasema hawajauliza kitu. "Basi," akasema, "machungwa yatakaa mtini." Nilimbembeleza. Nilimwambia mnunuzi anakuja keshokutwa, na chuo kile cha nje kinafunga maombi mwezi huu, na mwakani nitakuwa nimepita umri ambao mwajiri wangu huwaruhusu watu kuanza masomo. Hayo yalikuwa kweli, na nilipoyasema ndipo na mimi nilipoyasikia. Nisipoanza mwaka ule, nisingeanza tena. Mama akasema atawasikia kwanza. Akiwasikia na kuridhika, atatoa.

Kwa bahati, maombi ya chuo cha mashine nilikuwa nimeyatuma pembeni pamoja na kurasa zangu, na profesa wao mmoja alikuwa amepanga kunihoji kwa video kesho yake. Nikabaki Kwaluguru. Tulikaa kando ya uzio wa shule ya msingi, mahali pekee pale kijijini panaposhika mtandao wa maana, simu ikiegemezwa kwenye tofali. Mama alivaa kanga mpya. Profesa alitokea, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi, akizungumza Kiingereza cha haraka. Nilimwambia huyu ni mama yangu. Mama akamsalimu kwa kirefu, nikatafsiri yote, pamoja na habari za mvua. Profesa akatabasamu, akashukuru, akaenda moja kwa moja kwenye kurasa zangu.

Aliniuliza kama nimezungumza na watu wazima ambao wenyewe waliacha shule wakiwa watoto kwa sababu hiyo ya lugha. Nikasema ndiyo, wengi. Akauliza wangapi. Nikaanza kueleza nadharia. Akaniacha nieleze, kisha akasema, bila ubaya wowote, "Kwa hiyo hakuna." Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikainamisha kichwa kukubali.

Mama hakuelewa neno hata moja, lakini uso wangu anaujua tangu ulipokuwa mdogo.

"Kasemaje?"

"Kasema sijauliza watu."

"Na wewe umejibu nini?"

"Sijajibu."

Mama alicheka mpaka akashika uzio. Alisema tangu nilipoanza kazi ya ualimu hajawahi kuniona nimekosa la kusema, si msibani, si harusini. "Adabu huyu hana," akasema. "Lakini nitamlipa." Kesho yake machungwa yakachumwa. Joho nililiacha kwa fundi. Mpaka leo nikipita mlangoni pake huwa navuka barabara.

Walinikubali. Kazi ya kwanza ambayo profesa alinipa ilikuwa ndogo: nitafute mtu mmoja mzima aliyeacha shule madarasa ya mwanzo, nizungumze naye, nimwandikie nilichosikia. Niliipania. Niliandaa maswali na kuyapanga kwa vipengele. Nilifikiria kukodi bodaboda niende mbali kule nyikani, kwenye maboma ya wafugaji, nikajipiga picha kichwani nikiwa nimeketi kwenye kigoda na daftari, msomi kazini. Kabla ya kujitosa huko, nikaona nimuulize mama kama anamfahamu yeyote wa karibu.

Ikatokea kwamba siku niliyompigia ilikuwa Ijumaa, mchana. Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. "Mwanangu," akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia akinipokea nayo mimi. Nikasema shikamoo. "Ah," akasema, "ni wewe. Marahaba." Nilijifanya sikusikia. Nikamweleza ninachotafuta: mtu aliyeacha shule mapema, si kwa kukosa fedha, bali kwa sababu Kiswahili kilimshinda.

"Wa darasa la pili anafaa?"

"Anafaa sana. Unamjua?"

"Mimi."

Nilimwambia hapana, mama, wewe uliacha kwa sababu babu alikosa uwezo. Nilimsahihisha, kwa ile sauti ya darasani. Nilijua, maana ndivyo tulivyoambiwa sote tangu utoto, na ndivyo nilivyoandika kwenye kurasa zangu mwenyewe, sehemu ya shukrani.

"Hiyo ni ya kuwaambia watoto," akasema. Kisha akaeleza, polepole, kana kwamba anasimulia habari ya mtu mwingine. Alitaka ruhusa ya kutoka kwenda kujisaidia. Neno lake kwa Kiswahili hakulijua, akaomba kwa Kizigua. Mwalimu akasema hamwelewi, arudie. Akarudia. Mwalimu akasema bado hamwelewi, na darasa zima linacheka, na wote ni Wazigua, wote wameelewa. Akasimama pale mbele mpaka ikamtoka. Alikwenda mtoni akafua gauni, na shuleni hakurudi tena. Babu alimchapa, kisha akachoka.

Nilikuwa na maswali yangu mapajani, yamepangwa vizuri, nikayakunja. Nikasema, "Mama, miaka yote hii hukuniambia."

"Uliniuliza?" Hakuwa amekasirika. "Yule kijana aliniuliza kwa nini nakusomesha wewe mtu mzima. Nikamweleza. Alinyamaza mpaka nikamaliza."

Nikamwomba anieleze na mimi tena, tangu mwanzo, taratibu, nipo, nasikiliza. Akasema sasa hivi ana maji jikoni, na mguu umemchosha, nimpigie Ijumaa ijayo.