Risasi Katika Beseni la Kunawia

Niliipenda ile bastola kabla sijaijua vizuri. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi kidonda changu nilikifunika kwa koti nikatembea nacho mjini.

Nina duka la chakula cha mifugo Thika. Kuna mchana mmoja wezi waliingia wakanilaza kifudifudi juu ya magunia ya pumba, mbele ya wateja wangu, na mmoja akanikanyaga shingo huku akiongea na simu. Niliapa sitalala hivyo tena. Nikaomba leseni, nikahojiwa, nikafundishwa kulenga shabaha, na mwishowe nikanunua rivolva katika duka moja la silaha Nairobi. Ni bastola ya mtindo wa kizamani, ile yenye silinda inayozunguka, risasi zimekaa kwenye matundu yake. Muuzaji aliniambia haina mambo mengi, hata mtoto angeielewa.

Ningeiacha iwe ya kulinda duka, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mimi ni mtu wa kujionyesha, hata mke wangu aliniambia hivyo kabla hatujaoana. Nyumbani kwetu ni Ruiru, na kuna bucha ninapopenda kula nyama choma Jumamosi. Nikaanza kunyoosha mkono juu kabisa kumwita mhudumu, hata akiwa amesimama karibu, ili koti lifunguke kidogo. Haikuchukua muda wenzangu wakaanza kuniita mkubwa. Niliona raha. Naona haya kusema hivyo, lakini raha niliiona.

Niliona pia kwamba silinda imelegea. Ukiifunga inalia vizuri, kisha ukiisukuma kwa kidole inafunguka bila kuuliza. Nikajiambia ni upya tu, itazoea, kama viatu vya ngozi.

Wakati huo mwanangu wa pekee alikuwa amepata msichana wa Ngoliba, kule chini kwenye ukame, kwa wazazi wanaolima ndengu na mapapai. Siku ya kwenda kwao kwa mazungumzo ya mahari ilipopangwa, alinijia sebuleni akakaa kando yangu, jambo asilolifanya mara nyingi.

"Baba, nakuomba hii kitu iende vizuri," akasema. "Mama yake ni mtu wa kuogopa. Hata mimi alikaa sana kabla anikubali."

Nikamwambia asijali, baba yake anajua kuongea na watu.

Kwetu Wakikuyu wakwe huitwa athoni, na athoni ni watu wa kukaa nao kwa adabu kuliko hata wazazi wako. Hupazi sauti kwao. Hukai miguu imetandazwa. Ukienda kuomba msichana, unaingia kama mtu aliyekuja kuomba kweli, wala huendi na kitu cha kumtisha mtu. Hili sikuhitaji kuelezwa na yeyote, nililikuta kwa baba yangu. Asubuhi mke wangu aliniona nikiiweka rivolva kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Wacha hiyo kitu nyumbani."

"Sheria hairuhusu kuiacha ovyo."

"Si uko na sefu kwa ukuta?"

Sefu nilikuwa nayo. Nikamjibu kwamba tunachelewa.

Kule Ngoliba tulipokelewa vizuri sana. Akina mama walitufungia lango kama ilivyo desturi, wakaimba, wakatutania, wakafungua. Tuliwekwa chini ya hema. Mazungumzo yenyewe yangeanza baada ya chakula, na mimi nilikuwa nimejipanga: methali zangu, mizaha yangu, hata mahali pa kunyamaza. Ndugu yangu mdogo alikuwa kando yangu, tayari kuniitikia.

Msichana mwenyewe ndiye aliyetunawisha mikono, jagi la maji ya uvuguvugu mkono wa kulia, beseni la plastiki mkono wa kushoto. Alianza na mimi kwa kuwa mimi ndiye baba. Nikataka aone kwamba nina heshima, kwa hiyo badala ya kunyoosha mikono tu niliinama sana, kifua kikakaribia magoti. Ndani ya mfuko silinda ikafunguka. Nilisikia kitu kikiteleza kifuani, kisha risasi ikaanguka ndani ya beseni, ikafuatwa na nyingine, na zilizobaki zikamwagika pamoja.

Yule msichana hakupiga kelele. Aliendelea kumimina maji kwa muda, nadhani mkono haukuwa umepata habari, huku akizitazama risasi zikiwa zimelala pale kwenye maji ya sabuni. Nyuma yake mama yake alikuwa ameshika sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe. Akaiweka chini, nyasini.

Hapo ningeomba msamaha, pengine mambo yangetengenezeka. Ningesema tu, nimewakosea, nikatoka nikaipeleke mbali. Lakini nilianza kueleza. Nikasema hii kitu ni mpya, iko na shida ya kiwanda, silinda haishiki, tangu siku ya kwanza nilikuwa nashuku. Niliwaeleza athoni habari za silinda. Nilijisikia nikiongea na sikuweza kunyamaza. Ndugu yangu alitumbukiza mkono kwenye beseni, akaziokota risasi, akazifunga kwenye leso yake, akatoka nazo kimya kimya.

Baba wa msichana alisubiri nimalize. Akasema tule kwanza, chakula hakina makosa. Tulipokwisha kula akasema mazungumzo yangoje siku nyingine, na wote tulijua kwamba siku nyingine huenda isiwepo. Tulipofika Ruiru mwanangu alishuka kabla gari halijasimama vizuri.

Mtu mwenye akili angekaa na aibu yake. Mimi niliirudisha rivolva kwenye duka la silaha. Fundi wao akaifungua, akanionyesha kipini kinachofunga silinda, akakilinganisha na kingine. Cha kwangu kilikuwa kifupi. "Hii imetoka kiwandani hivi," akasema. "Si makosa yako." Sijui kama aliwahi kusema neno lililompendeza mtu kiasi hicho. Wakanipa rivolva nyingine, na nikaomba nipewe kile kipini. Nilimpigia simu mke wangu anisubiri barabarani Ruiru na kifurushi cha unga, sukari na majani ya chai, kwa sababu mtu haendi kwa athoni mikono mitupu. Nikampitia, tukaelekea Ngoliba moja kwa moja. Mke wangu aliuliza mara moja tu kama ni lazima. Nikamwambia watu hawa wanadhani mimi ni jambazi, lazima waone ushahidi.

Baba wa msichana alikuwa shambani. Tulipokelewa na mama, akatukaribisha ndani, akashukuru kwa kifurushi. Kutoka jikoni tulisikia vikombe, msichana alikuwa anatuandalia chai. Nikatoa kipini nikakiweka juu ya kitambaa cha meza, nikamweleza yote, fundi alivyosema na jinsi lawama zote ni za kiwanda. Alikishika, akakigeuza, akakirudisha taratibu.

"Kwa hivyo hii ndiyo ilikuwa fupi."

"Ndiyo, mama."

"Na kama haingekuwa fupi, hatungejua."

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa bado natabasamu.

"Ungekula, tuongee, twende tukikuzungusha shamba," akasema. "Halafu msichana wangu aje akae kwako. Na sisi hatujui."

Hakuwa na hasira. Alikuwa anafikiri kwa sauti, na ninaamini kuna hofu iliyokuwa inamwingia palepale, mbele yangu. Kisha akaniuliza hiyo waliyonipa badala yake iko wapi.

Mke wangu aliweka mikono yake mapajani. Nilikuwa nimetoka dukani Nairobi nikaja moja kwa moja, na furaha ya kuwa bila hatia ilikuwa imenijaa hata sikukumbuka nimebeba nini.

"Iko hapa," nikasema.

Mlango wa jikoni ukafunguka, msichana akiwa na sinia ya chai. Mama yake hakugeuka.

"Rudi," akamwambia. "Baki huko jikoni."

Baadaye ndugu yangu alienda Ngoliba mara kadhaa, yeye na mwanangu, wakabembeleza, wakakubaliwa. Mahari ilizungumzwa chini ya hema lilelile. Mimi nilibaki Ruiru, nikakaa sebuleni tangu asubuhi nimevaa suti, sijui kwa nini niliivaa. Mke wangu aliporudi alinieleza yote, nyimbo, chakula, jinsi mwanangu alivyocheka siku nzima. Nikamwuliza kama kuna mtu aliyeulizia baba wa kijana yuko wapi.

Akavua viatu, akasema hapana.