Kifaru wa Zamani na Mkono Wangu Mfupi

Nimeaibishwa na watu wengi hapa Bujumbura. Kuaibishwa na mnyama aliyekufa mamilioni ya miaka iliyopita, nadhani mimi ndiye wa kwanza.

Naitwa Talal. Nauza vitambaa mtaa wa Buyenzi, kwenye duka la marehemu baba yangu, mzee Hamood.

Baba hakuwa na mita dukani. Mita yake ilikuwa mwili wake. Anashika kitambaa kwenye bega la kushoto, ananyoosha mkono wa kulia mpaka ncha ya kidole, hiyo mita moja. Watu walitoka Musaga, walitoka Carama, wakinunua kwake kwa imani tu.

Alipofariki nikarithi duka, nikarithi na mtindo wake.

Urefu wake sikurithi. Na jamani, hilo kwa miaka kumi na tisa halikunipita akilini hata siku moja.

Dukani mimi napima, mke wangu Houda anakata. Nabana alama kwa vidole, namsogezea. Na kila siku mkasi wake unaangukia mbele, kupita alama yangu.

"Umekosa tena, Mama Nura."

"Macho, Baba Nura. Yamechoka."

Nikamnunulia miwani. Akaendelea kukosa vilevile. Nikawa namsema mbele ya wateja, eti nimeoa mkasi kipofu. Wateja wanacheka, mimi nasikia raha.

Sasa ikaja habari ya shule.

Binti yetu Nura, darasani kwao walikuwa wanasoma wanyama wakubwa wanaonyonyesha, wa leo na wa zamani. Mwalimu wao, Madamu Spès, akaomba kila mzazi alete kipande cha kitambaa au turubai chenye urefu wa mnyama mmoja. Vitatandazwa uwanjani, watoto walinganishe kwa macho yao.

Birindwa, fundi wa gereji, akapewa tembo: mita saba, kutoka mkonga mpaka mkia. Mwingine akapewa kiboko, mita nne.

Mimi nikauliza nani mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Madamu akasema kuna kifaru wa zamani sana, hakuwa na pembe, mita nane.

"Huyo wangu," nikasema. Mfanyabiashara hachukui kiboko.

Nyumbani Houda akaniuliza, "Nikukatie?"

"Apana. Kwa macho yako hayo, kifaru atatoka na mikia miwili."

Nikapima mwenyewe, nikakata mwenyewe. Mikono minane safi, kitambaa cha kijivu.

Siku yenyewe wazazi wamejaa uwanjani, nusu yao wateja wangu. Tembo wa Birindwa keshalala chini, ukanda wa turubai. Mimi kabla ya kutandaza nikatoa hotuba.

"Watoto, muangalie vizuri. Tembo mbele ya huyu ni mutoto."

Nikafungua kitambaa. Kikaenda, kikaenda, kikaisha.

Kiliishia shibiri moja kabla ya mwisho wa tembo.

Nura akaangalia chini, akaniangalia mimi. "Papa, si ulisema tembo ndiye mutoto?"

Watoto wakaangua kicheko. Nikasema turubai la Birindwa limevutika. Birindwa akatoa mita yake ya chuma mfukoni. Tembo, mita saba kamili. Kifaru wangu, sita na themanini.

Halafu yule bwana akaniomba ninyooshe mkono.

Nikanyoosha, mjinga mimi. Akaweka mita kutoka bega la kushoto mpaka ncha ya kidole cha kulia. Sentimita themanini na tano.

Kicheko kikakatika. Mama Khadidja, jirani yetu anayeoza binti mwezi ujao, akasogea mbele taratibu.

"Talal. Kitambaa ya arusi ya mutoto wangu, nayo ulipima na mukono huo?"

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Aya ya Kurani ya wanaopunja vipimo naijua kwa moyo, nimewahi hata kuwasomea wengine. Na jina la duka si langu peke yangu, ni la baba. Miaka kumi na tisa nimewapunja watu huku natabasamu.

"Kesho kila mutu alete kitambaa yake," nikasema. "Iliyopungua nitajaza."

Usiku ule sikula. Houda akaniwekea chai.

Kesho yake baada ya adhuhuri duka likajaa. Birindwa mwenyewe alikuja na mita yake, mtu hakosi sinema ya bure. Tukaanza na Mama Khadidja. Alinunua mita nne.

Birindwa akapima. Akarudia.

"Nne na vidole viwili."

Wa pili alinunua tatu, zikatoka tatu na kidogo. Wa tatu vilevile. Hakuna aliyepunjwa hata inchi moja.

Mimi tena, si nikapata pumzi. Nikawaambia hiyo ni baraka ya mzee Hamood, kuna mambo chuma hakiwezi kuyapima. Nilishaanza hata kushika sauti ya shehe.

Mama Khadidja akaninyamazisha. "Talal, baraka gani? Uliza bibi yako, yeye ndiye anakata."

Nikageuka. Houda alikuwa anakunja vitambaa upande wake wa meza. Akanyoosha kidole chini ya ubao wa meza. Nikainama. Kulikuwa na misumari miwili, imeshakula kutu. Birindwa akapima katikati yake: mita moja kamili.

"Macho yako..." nikasema.

"Macho yangu mazima, Baba Nura. Nilijua tangu juma la kwanza kwamba mkono wako haufiki, nikapigilia hiyo misumari, kila kitambaa nakipima upya."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia nunua mita. Ukajibu mita ni ya watu wasio na baba."

Nililikumbuka neno hilo. Nililisema mbele ya watu, na watu walicheka.

Nililia pale dukani, mbele ya wateja, mtu mzima. Kisha nikamwomba radhi mbele ya walewale niliomcheka nao. Ile miwani iko kwenye droo mpaka leo na kibandiko chake cha bei. Kifaru ameongezwa kipande, Houda ndiye aliyekishona, na sasa anampita tembo kwa mita nzima.

Ndugu yangu unayesoma, kama nyumbani kwako kuna mtu anayekosea kila siku, usimseme kwanza. Angalia anakosea upande gani. Miaka kumi na tisa mimi sikujiuliza kwa nini macho mabovu hayakuwahi kukosea kwa kupunguza.