Sista Noela wa Ushirombo, Aliyeketi Mwangani

Alizaliwa tarehe 25 Machi 1986 huko Ushirombo, mtoto wa tatu wa Tarsisi na Serafina, wakulima wa pamba. Alikuwa na ualbino. Mama yake alimfunika kitenge tangu kunakucha mpaka jua lizame, na wenzake walipomenya karanga uani, Noela aliwasikiliza akiwa ndani, dirishani. Alitamani jambo moja: kuketi pale uani na mama yake. Miaka ile wenye ualbino walipowindwa, mama alimpeleka kwa masista akafichwe. Huko wito ukamkuta, akasomea uuguzi, akaweka nadhiri mwaka 2011.

Tuseme kweli, hakuwa mpole kila saa. Mgonjwa aliyesahau kofia nyumbani aliukoma ukali wake. Katika zahanati ya masista, kando ya barabara ya Kahama, aliwahudumia wenzake wenye ualbino waliokuwa na magamba makavu usoni, yale yanayotangulia saratani ya ngozi. Mwaka 2019 daktari Fredy alileta krimu inayoyaua magamba hayo ikipata mwanga. Lakini taa yake maalumu ilizimika kila umeme ulipokatika. Sista ndiye aliyeomba wajaribu mwanga wa mchana: ngozi ikingwe kwa losheni ya jua, krimu ipakwe, kisha mgonjwa akae kwa saa mbili chini ya shuka jeupe lililotandazwa juu.

Wagonjwa kumi na wawili wa kwanza hawakupona. Daktari akasema, "Sista, awamu moja tena. Ikishindikana, dawa narudisha." Noela alilia kanisani, maana aliwajua kwa majina wale ambao magamba yao yangegeuka saratani. Awamu ya pili akaketi nao mwanzo hadi mwisho, akaona. Daktari alipogeuka tu, mgonjwa mmoja, Dorah, alivuta kanga usoni na mwenzake mzee Agapiti akageukia ukuta, mwanga usiifikie krimu. Hawakuwa wakaidi, mikono yao iliwatii mama zao. Naye Sista akajikuta amevuta shela lake mpaka kwenye nyusi.

Akalivua mbele yao. Wapo waamini waliokwazika, wakamwandikia mkuu wa shirika. Noela alijibu, "Mama alinifunika nipate kuishi. Leo tunajifunua kwa sababu ileile." Tangu siku hiyo alisalisha rozari saa zote mbili, mikono ya wagonjwa iwe na kazi. Magamba ya Dorah yakadondoka, na dawa ikabaki.

Kwa Noela mwenyewe dawa ilikuwa imechelewa. Saratani yake ya shingoni ilishazama mahali mwanga usipofika. Mei 2023 mama Serafina aliitwa, naye alipofika tu akamfunika kitenge.

"Mayu, mama yangu, kiondoe," alisema Noela. "Kuketi uani nawe nimetamani miaka yote hii."

Mama akakiondoa huku akilia. Wakamenya karanga chini ya shuka jeupe mpaka adhuhuri. Siku ya tatu Noela alifariki.

Kanisa halijatamka neno juu ya utakatifu wake, nasi hatulitangulii. Ila tumwige kwa hili: kuketi na mwenzetu pale anapoogopa kuketi. Mama Serafina amehamia jirani na zahanati. Asubuhi za matibabu huja na ungo wa karanga, na mgeni akivuta kanga usoni, ni yeye anayeushika mkono wake na kuushusha taratibu.