Shoka la Kamba ya Papa

Nahodha wetu nnamchukia mpaka leo, na keshakufa, na kaburi lake nnalijua liliko. Watu husema maiti hasemwi. Mimi nnamsema.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne, mimi na kaka yangu, na nguo tulizovaa tu. Mama alibaki Unguja. Kaka alikuwa karani, khati yake nzuri mno, mtaa mzima ukimjia kuandikiwa barua. Lakini Maskati siku zile nani alimtaka karani? Tukapata kazi Qantab, kijiji cha wavuvi karibu na hapo, kwenye chombo cha kuwindia papa. Papa tukimpiga chusa, tukimwachia kamba mpaka achoke, kisha tukimpandisha, na ini lake tukilichemsha humo humo chomboni tupate sifa, yale mafuta ya kupaka mbao za vyombo. Harufu yake, lahaula! Unaoga mara saba na bado unanuka.

Mimi nilipewa shoka. Kazi yangu kusimama penye kamba, pakitokea balaa niikate. Ila sharti lilikuwa moja: hukati mpaka nahodha aseme. Kamba ile akiipenda kuliko mkewe.

Siku moja papa alizama ghafla, kamba ikambana kaka mkono wa kulia kwenye ukingo. Akapiga ukelele. Nikanyanyua shoka.

"Usikate!" akanguruma nahodha. "Atachoka huyo!"

Nikasimama na shoka juu, mjinga mimi. Papa tulimpata. Mkono wa kaka haukupona, ikabidi ukatwe. Barua za mama nikawa naandika mimi, na mama akauliza, mbona khati imebadilika? Nikamjibu kaka ana shughuli nyingi.

Hatukuacha kazi, tungekula nini? Kaka akawekwa kwenye usukani kwa mkono mmoja. Mimi nikawa nalinoa shoka kila asubuhi na kumtazama yule mwanaharamu shingoni. Nilijiambia, za mwizi arubaini.

Zikatimia mwaka wa tatu. Papa katoka mbio, kamba ikamzinga nahodha mguu, ikamwangusha, ikamburuta hadi ukingoni.

"Kata! Kata, we Zinjibari!"

Khe! Raha niliyoiona, Mungu anisamehe, sijaiona tena. Nikalishusha shoka taratibu, nikaliegemea.

"Subiri, nahodha," nikamwambia. "Atachoka huyo."

Analia, mimi namtazama. Kaka akaniita kutoka usukanini. Nikageuka, nikidhani atakuwa anacheka.

"Kumbe unaweza kumwasi," akasema. "Siku ile shoka lilikuwa mkononi mwa nani?"

Nikakata. Mguu wa nahodha ukapona, hata kuchechemea hakuchechemea. Barua za mama niliendelea kuandika mimi. Kila nilipomaliza nikimuuliza kaka, nikutilie salamu gani? Akiinuka, akitoka nje. Salamu zake zote nikizitunga mwenyewe.