Bando la Majirani wa Nshamba

Niliondoka Bukoba kwa sababu shangazi yangu, Ma Adventina, alinipigia simu analia. Parokia ilimpa chumba afundishe vijana kompyuta, lakini mashine zake tano kuukuu zilijaa virusi, hazifunguki. Zisipowaka kufikia Jumatatu, chumba kinarudi kuwa stoo ya maharage. "Njoo, baba, uniokoe," alisema.

Jumamosi asubuhi nilitoka kwangu Hamugembe, pale pale Bukoba mjini, na laptopu begani na flashi mfukoni. Ndani ya flashi niliweka Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, usiosumbuliwa ovyo na virusi. Ziko za aina nyingi. Mimi nilichagua inayopendeza zaidi kwa macho. Nilitaka Nshamba waseme, fundi wa mjini kaja! Hadi Muleba nilikuwa nachekelea peke yangu, na bodaboda ya kupandia Nshamba niliiona inajikokota.

Nilipofika, sikuruhusiwa kugusa kitu kabla ya kutafuna kahawa na kula ndizi. Mgeni ni mgeni. Kisha nikachomeka flashi. Mashine ya kwanza ikaganda. Ya pili vilevile. Zote zilikuwa na kumbukumbu ndogo, na ule urembo wangu uliwaelemea wazee wa watu. Zilihitaji Linux nyepesi, ambayo sikuibeba. Kuipakua kunataka bando kubwa, nami nilibaki na nauli tu. Jamani, niliona aibu!

Alasiri jirani yake, Ta Rwegasira, alikuja kumsalimu mgeni, akasikia msiba wetu.

"Kwani bando halichangwi?" akauliza. "Kukiwa na shughuli hapa, kila nyumba inaleta mkungu wake. Leteni simu, waitu, ndugu zangu!"

Majirani wakaja na simu zao. Bando la huyu likiisha tunaunganisha laptopu yangu na simu ya yule, faili linaendelea pale lilipoishia. Bibi mmoja aliomba tumbakizie kidogo amwone mjukuu wake aliyeko Mwanza. Tulimrudishia simu haraka.

Jumapili baada ya misa, mashine zote tano ziliwaka. Ma Adventina alizipapasa moja moja, machozi yanamtoka. "Stoo watafute kwingine!" akasema, na mimi nikalia naye. Nawashukuru watu wale mpaka leo.

Wakati wa kuondoka walinifungia mkungu kwenye bodaboda. Ta Rwegasira akataka kujua mwenye mfumo ule ni nani, ashukuriwe. Nikamweleza kwamba hauna mwenyewe mmoja: ni watu wa nchi nyingi, kila mtu aliandika kipande chake akakitoa bure.

"Kumbe nao walichanga," akasema. "Basi wasalimie."

Nilirudi Hamugembe nikiwa nimejifunza kupima nguvu za mashine kabla ya kuipamba. Jioni hiyohiyo niliingia kwenye jukwaa la mtandaoni la watengenezaji wale, nisiowajua hata mmoja, nikaandika: Nshamba wanawasalimu.