Siri Niliyoiombea kwa Mikrofoni

Siku yangu ya kwanza kama kasisi wa kujitolea nilifika kwenye kituo cha watoto, kule juu ya Kimulot, nikiwa na mahubiri ya kurasa nne. Mkufunzi wetu, mchungaji mstaafu asiyepaza sauti kamwe, alinisimamisha langoni, akazichukua karatasi zangu, akazikunja na kuzitia mfukoni mwake.

"Mama Njeri, hawa watoto wamehubiriwa tangu asubuhi. Ingia, keti, nyamaza."

"Ninyamaze mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mtoto aongee."

"Na asipoongea?"

"Basi mtakuwa mmenyamaza pamoja."

Nilikasirika. Nimeuza vitambaa Litein miaka thelathini, na hakuna anayeuza pazia kwa kunyamaza. Kwa hiyo ninyi vijana mnaokuja kuniuliza kazi hii ilifanywaje, jueni kwamba niliianza nikiwa nimekereka, na kukereka sijaacha.

Kasisi wa kujitolea si mchungaji. Hana kola wala mshahara, na nauli anajilipia. Sisi tulikuwa kumi na wawili, tukafundishwa kila Jumamosi kwa miezi sita katika ukumbi wa kanisa. Somo la kwanza liliitwa huduma ya uwepo, yaani kukaa na mtoto bila kumharakisha. La pili lilikuwa ripoti ya mazungumzo: unaandika ulichosema wewe na alichosema mtoto, neno kwa neno, halafu Mkufunzi anaisoma mbele ya wenzako. Katika ripoti yangu ya kwanza mtoto alisema maneno sita. Yangu yalijaza kurasa mbili, na Mkufunzi aliyasoma yote bila huruma.

Somo la tatu lilikuwa siri. Alichokuambia mtoto hukibebi kwenda nacho nyumbani. Kikiwa na hatari ndani yake, unafanya rufaa, maana yake unampelekea Mkurugenzi wa kituo, mlango ukiwa umefungwa, na humwambii mwingine. Sote tulitikisa vichwa kwamba tumeelewa.

Tumeelewa nini! Wiki hiyohiyo, kwenye maombi ya kufunga darasa, mwenzetu mmoja alisimama akasema, "Tumuombee mtoto fulani, jina sitaji, yule mwembamba wa kitanda cha mwisho, ambaye mamake alimwacha akaenda na dereva wa lori la majani chai." Nilitaka kumrushia kiti. Huo ndio ugonjwa wetu watu wa kanisa: udaku tunauogopa, lakini tukiufumbia macho na kuuitikia amina, tunauona ni mtakatifu. Nilimkemea mbele ya wote.

"Lakini Mathee," akasema Kevin, kijana wa mwisho kujiunga nasi, "hiyo si udaku, ni prayer item."

"Ni udaku uliopiga magoti," nikamjibu, na nikajiona nimesema la maana sana. Nyani haoni kundule.

Kituoni nilipangiwa zamu ya Alhamisi. Chepkemoi alikuwa na miaka kumi, na miezi mitatu nilikaa kando yake penye mawe ya kufulia bila kupata hata salamu. Afisa wa watoto alimleta pale kwa sababu kogo wake, yaani nyanya yake, alikuwa amepoteza macho na hangeweza kulea. Nilikuwa nimeanza kufikiri Mkufunzi ametupotezea wakati, ndipo siku moja Chepkemoi akaniita shosho, yaani nyanya kwa lugha ya kwetu, akaniambia huku anakamua soksi:

"Shosho, siku ukikuja unikose, usiniite. Nitakuwa nimeenda kwa kogo."

"Unaendaje na lango limefungwa?"

"Napita kwa shimo ya ua, nakata kwa majani chai. Kila Jumanne. Namchotea maji, najaza mitungi, narudi kabla ya roll call. Hana mtu."

Mtoto wa miaka kumi, peke yake, mtoni na kwenye mashamba yale marefu. Hiyo ilikuwa rufaa, haikuhitaji kufikiriwa. Nilipaswa kubisha kwa Mkurugenzi alasiri ileile. Nikajiambia nitapanga maneno kwanza, mvua inakuja, nitakwenda wiki ijayo.

Jumatano iliyofuata tulikuwa na ibada Litein. Nikapewa mikrofoni niongoze maombi, moyo ukapata moto, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema: "Bwana, umlinde Chepkemoi wetu anapokatiza majani chai kwenda kumchotea kogo wake maji, na umfunike, matroni asimwone!"

Amina, kanisa zima likaitikia. Shemeji wa matroni, mlezi wa watoto kule kituoni, alikuwa benchi la pili. Kabla hatujamaliza chai ya baada ya ibada, habari ilikuwa imeshapanda Kimulot.

Kesho yake nilikuta ua umeshonwa kwa waya mpya. Chepkemoi aliponiona alibeba beseni lake akahamia jiwe la mwisho. Nilimfuata kama mjinga. Hakulia. Aliniuliza tu, "Sasa nani atamchotea?"

Nimewahi kuibiwa dukani na kufiwa na mume, lakini sijaona aibu kama ile. Mdomo uliponza kichwa, husema wahenga; wangu ulimponza kikongwe kipofu asiyenijua.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi, mtu mwema anayependa mafaili kuliko chakula.

"Mama, sheria inasema mtoto hatoki bila mtu mzima."

"Mimi ni mtu mzima."

"Wewe umeandikwa Alhamisi. Hii ni ya Jumanne. Tutapeleka kwa kamati."

"Na kamati inakaa lini?"

"Mwisho wa term."

"Na kogo atakunywa maji lini?"

Alifungua faili. Nikatoka kabla sijasema neno la kutubiwa.

Jumanne nikavaa gambuti za marehemu mume wangu, nikashuka kwenye majani yenye umande na magoti yangu haya. Kogo alikuwa ameketi mlangoni.

"Ni nani?"

"Ni mimi niliyemfungia mjukuu wako njia."

"Basi anza na ule mtungi mkubwa," akasema.

Nilichota Jumanne tisa. Kamati ilipoketi, Mwenyekiti alifungua kwa maombi marefu ya kututakia hekima. Yalipoisha, nilisoma ripoti ya mazungumzo: aliyoniambia Chepkemoi, niliyoyasema kwa mikrofoni, na kile alichoniuliza penye jiwe. Sikuongeza kitu. Mkufunzi aliinamisha kichwa. Wakakubali mtoto aende kila Jumanne, akisindikizwa na mtu mzima aliyeandikwa. Wakaniandika mimi.

Mihula miwili Chepkemoi alitembea mbele yangu bila kugeuka. Sikumlaumu. Nilibeba mtungi mmoja, yeye mmoja, na hapo ndipo nilipojifunza ile huduma ya uwepo niliyodhani nimefuzu. Magoti yaliposhindwa kabisa, matroni mwenyewe aliomba kuandikwa mahali pangu.

Sasa nimestaafu, na bado nakereka. Makasisi wapya wana fulana zenye majina na simu za kupiga picha, na sijaona mmoja anayeweza kukaa dakika tano bila kusema "Bwana asifiwe." Siwacheki sana. Najua mdomo ulivyo mtamu ukiwa na watu wa kuitikia amina.

Siku ya kuniaga walinivisha shuka la heshima, wakahutubu mpaka chai ikapoa. Chepkemoi, ambaye sasa amenipita kimo, alinisindikiza hadi langoni. Nikamuuliza, "Nikuombee, mwanangu?"

Aliniweka shuka vizuri begani.

"Niombee, shosho. Lakini ukiwa peke yako."

Namwombea kila siku. Ninachomwombea hakiwahusu ninyi.